Sahani Iliyoitwa Meja

Jumamosi, na mvua imekataa kuisha. Baridi ya Yamumbi leo imeniingia mpaka kwenye mifupa. Wateja waliondoka mapema, nami nimefunga hoteli nikiwa na moyo mzito.

Nimefuta jina la Meja ubaoni.

Kwa asiyejua, Meja ni githeri, yaani mahindi na maharagwe, iliyokaangwa na viazi na nyama, pilipili kidogo, parachichi juu yake. Hoteli zetu ndogo hazitafuti majina mbali. Mteja akiagiza chakula kwa namna yake mpaka wengine wakakitamani, chakula kinabeba jina lake. Mwenye jina hili alikuwa meja mstaafu, mzee mrefu aliyekula hapa kila siku ya soko. Alinionyesha walivyokuwa wakiikaanga kambini. Akishiba, alisimulia: baridi ya mpakani, rafiki aliyefia mikononi mwake, woga aliokuwa nao. Mimi nilichambua maharagwe huku nikimsikiliza.

Alipofariki jina lilibaki, na nilijivunia. Nimesoma mtandaoni kwamba ng'ambo kuna majenerali wanaokumbukwa zaidi kwa vyakula vilivyopewa majina yao, kuku na nyama ya kuokwa, kuliko kwa vita walivyopigana. Nikasema basi na wetu apate sahani yake.

Leo mchana aliingia mama mmoja wa makamo, sweta limelowa, akaketi karibu na jiko. Chebet, mhudumu wangu, akapaza sauti kama kawaida: "Meja mbili, moja usiweke pilipili!"

Mama akageuka. "Hiyo Meja mnaita ni nini?"

Chebet akamweleza kwa furaha, mpaka habari za mzee mwenyewe. Mama akasema, "Huyo alikuwa bwana yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampelekea sahani, sikujua la kufanya lingine. Aliitazama tu. Akasema nyumbani mzee alikataa githeri kabisa, eti alikula ya kutosha jeshini. Halafu akaniuliza kama hapa alikuwa anaongea.

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia ndiyo, alikuwa anasimulia mambo ya kazi.

"Kwangu hakuwahi kusema hata moja. Nikiuliza, anatoka anaenda kuangalia ng'ombe."

Hakula. Alipoinuka aliniomba kwa upole niondoe hilo jina. "Si kwa ubaya, Mama. Lakini huyo mnaita hapa, mimi sikumjua."

Nikalifuta kwa kitambaa cha meza, yeye akiwa amesimama hapo hapo. Akashukuru, akaenda zake.

Chebet amenuna. Anasema jina ni la wateja, si la familia, na kwamba Jumatatu wataagiza Meja vilevile. Najua wataagiza. Mimi pia nina hasira, ila nikijiuliza namkasirikia nani, namwona mzee, na sipendi kumwona hivyo.

Alikuwa akinisimulia mimi kwa sababu sikuwa mtu wake. Nadhani kwangu ilikuwa rahisi. Aliweza kulia hapa, akafuta macho, akaenda nyumbani akiwa meja tena.

Mjane hakuniuliza alisema nini, nami sikuthubutu kuanza. Kwa hiyo ameondoka na jina, na maneno yote ya mumewe yamebaki kwangu, mwuza githeri.

Kesho nikitoka kanisani nitauliza kwake ni wapi. Nitaenda bila chakula. Nitaanza na yule rafiki aliyefia mikononi mwake, kama atanikaribisha ndani.