Plus ya Muto na Mulima

Masisi, 6 Novemba 2023

Dada Wivine,
Jambo yako. Mutoto ananyonya muzuri? Mimi niko muzima, ni baridi tu ya huku.
Dada, mu darasa sikusubutu kusema hii. Unajua haya yangu. Mu programu, alama ya plus unaweza kuifundisha kazi mupya! Nimeifundisha kuunganisha vipande vya njia, kimoja kisha kingine, na kuangalia saa ya mvua. Nikaandika safari ya Mama kuja kwako: muto + mulima. Mashine ikajibu: «Atavuka mbele mvua ianze.» Kaalama kadogo vile, na ndani yake kuko muto muzima, na mawingu! Nimekutumia programu mu simu.
Mudogo wako, Merdi

Itebero, 9 Novemba

Mudogo wangu Merdi,
Tuko muzuri. Mutoto analia kama padri mwenye mikrofono. Mama alifika mukavu kabisa! Majirani wanauliza: «Ule wa kimya njo anasemesha mashine?»
Leo asubui Mama amerudi kwake ku shamba, njia ile ile. Simu sikuiuliza tena: mbili plus tatu, tatu plus mbili, si ni mamoja?
Dada yako, Wivine

Masisi, 9 Novemba

Dada,
Salamu itangoja. Haiko mamoja! Akianza na mulima, atafika ku muto kisha mvua kunyesha. Mashine ingesema «asivuke». Lakini plus tunaiamini tangu darasa la kwanza, nani angeuliza? Njo ubaya wake: iko na sura ile ile, na kazi ingine. Napiga simu, haiingii. Mama iko wapi?
Merdi wako

Itebero, 12 Novemba

Merdi,
Pole, mudogo wangu, rezo ya simu ilikufa siku zote hizi, barua yako imeingia leo. Mama iko hapa, anabeba mutoto. Alikuta maji yamefunika mawe, akalala kwa Mama Emérita, mwenye anakaa karibu na muto ngambo hii, kisha akarudi kwangu. Nimemuonyesha simu, sasa nikiuliza vizuri: mulima + muto. Ikasema «asivuke». Mama akaigusa na kidole: «Muto wote uko humu, na hailoi?»
Usiifute programu yako, tafazali.
Dada yako

Masisi, 13 Novemba

Dada Wivine,
Mungu asifiwe. Busu mutoto, umuambie mujomba wake alikonda siku tatu.
Sikufuta. Ku njia nimeitoa plus, nimeweka neno: mulima kisha muto. Hapo kila muntu anaona chenye kinatangulia. Plus nimeiachia vitu vyenye havikasiriki ukivigeuza. Nikaijaribu mu darasa, wote wakiangalia: Mama + Wivine. Nikageuza: Wivine + Mama. Mara zote mbili: «Wako nyumbani.»
Nililia mbele ya darasa lote, dada, na haya haikunishika.
Mudogo wako, Merdi