Mikayi Hajapanda

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mvua imenyesha! Mvua ya kweli, si ule mchezo wa wiki jana. Shamba limelimwa tangu Februari, Ooko alikuja na ng'ombe wake akamaliza siku mbili. Mbegu za mahindi nilinunua Ahero, ziko ndani ya sufuria, nimefunika panya wasione. Kila kitu tayari. Na sipandi! Eti mikayi hajapanda.

Mikayi ni Akello, mke wa kwanza wa marehemu Opondo. Mimi ni wa pili. Huku kwao mke wa kwanza ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini. Sharti alale nyumbani kwake, aamke apande, ndipo sisi wengine tufuate. Sawa. Lakini Akello yuko Kisumu tangu mafuriko ya mwaka jana, anauza nguo soko la Kibuye! Nimempigia. Anasema atakuja Alhamisi.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuja. Simu haishiki. Mvua jana, mvua leo. Kwetu Bungoma mtu anapanda mbingu ikifunguka, haombi ruhusa kwa mtu anayepiga mnada wa sweta.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani tulikuwa watu kumi na mmoja, mchungaji akiwa ndani ya hesabu. Nilipoolewa hapa miaka ishirini na mitatu iliyopita ufuo huu ulikuwa na kelele hadi unaziba masikio. Sasa ziwa limekula nyumba za mbele, gugumaji limefunga mahali pa kutia mashua, wavuvi wamehamia kwingine. Shule imeunganishwa na ile ya barabarani. Duka limefungwa. Wiki iliyopita jirani yangu Laban na watu wake wameondoka pia, wakang'oa hata milango. Tumebaki boma tisa.

Cliff alipiga simu kutoka Awasi. Mwanangu huyu ana mdomo! Mama, hapo unangoja nini, viboko? Nilishamwahidi, kwa ujinga wangu, kwamba nisipovuna mwaka huu nitahamia kwake. Ana chumba kimoja. Yeye, mkewe Shantel na mtoto. Mimi nilale juu ya meza?

Sitaki. Naandika hapa ili nisisahau: sitaki kuhama. Kaburi la Opondo liko hapa, kuku wangu wako hapa, na hewa ya hapa nimeizoea.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Ogola, mdogo wa Opondo, ndiye mkubwa wa boma sasa. Nikamwambia shemeji, kesho napanda, liwalo na liwe. Akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayetaka kuhukumu.

"Mama Cliff, hapa si kwenu Bungoma. Mikayi ndio anatangulia. Ukipanda mbele yake utaleta chira, na chira haikamati wewe, inakamata watoto."

Nikamuuliza, na njaa inakamata nani? Akasema njaa ina dawa. Dawa gani? Akaita chai nyingine.

Hasira imenipanda hadi nimesahau leso yangu kwake. Chira naijua, laana yao ya kuvunja mila. Siiamini. Lakini nimemfikiria mtoto wa Cliff, ana miezi saba, nikarudi nyumbani, mbegu zikabaki kwenye sufuria. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Siamini, na bado naogopa.

Jumamosi, 22 Machi

Leo Akello ameshika simu. Nilikuwa nimejiandaa, nikamwaga yote. Kwamba anatutesa kwa makusudi. Kwamba udongo wetu ni mweusi, ukilowa kupita kiasi jembe halitoki. Kwamba Ooko amesema mwezi ukiisha bila mbegu, tufunge virago. Kwamba yeye anakula chipsi mjini huku mimi namngoja kama mzigo wa posta!

Nikasikia akimrudishia mteja chenji. Halafu:

"Umemaliza? Basi niambie wewe, nikikuja nitalala wapi?"

Nikasema kwako.

"Kwangu wapi? Paa yangu iko juu ya jikoni yako. Ooko aliniambia hapa sokoni. Wewe Nasambu, mtu anaezuliwa nyumba akikufa. Mimi nilikufa lini?"

Akakata.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani.

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma hapa. Nyumba ya Akello ilianguka ukuta mmoja na mafuriko. Agosti nikaona mabati yanapigwa na upepo, yataibiwa bure. Nikayashusha. Kumi na mawili. Kumi nikaezekea jikoni na banda la kuku. Nilijiambia namtunzia. Uongo! Nilijua harudi, na nilifurahi harudi. Miaka yote ile yeye mbele, mimi nyuma: kwenye sherehe, kwenye matanga, kwenye shamba. Nikasema ah, leo na mimi nimetangulia.

Na Ogola, mlinzi wa mila! Alisimama pale akinielekeza nianze kung'oa upande gani. Mabati mawili akachukua yeye, akafunikia mbuzi wake. Siku ile hakutaja mikayi. Hakutaja chira. Mbuzi wake walikuwa wananyeshewa, basi mila ikalala.

Nina hasira naye, nina hasira na Akello, na leo nimekosa mahali pa kuziweka zote.

Jumanne, 25 Machi

Nimeshusha mabati jikoni. Peke yangu, mikono imechubuka. Ooko alikandika ule ukuta kwa udongo na miti, tukapigilia mabati manane. Mawili yameoza kwa moshi wangu, hayafai. Kuku wamelala chini ya kitanda changu, wananitukana.

Nimemtumia Akello ujumbe: Njoo. Nyumba yako ina paa. Sikuandika kwamba lina pengo. Hajajibu.

Ijumaa, 28 Machi

Amekuja! Saa nne asubuhi, pikipiki imemshusha barabarani, akatembea kwenye matope na begi kichwani. Amekonda. Nikamsalimu, akaitikia akiangalia juu, anahesabu mabati. Namjua, anahesabu.

"Manane. Ilikuwa kumi na mbili."

Nikasema mawili yameoza, mawili yako kwa Ogola. Sikujitetea. Akaingia ndani, akaweka begi pakavu, akakaa. Nikampelekea chai, hakugusa.

Ogola akaja mbio, amevaa koti. Karibu mikayi, karibu nyumbani! Lala leo, kesho upande, pengo dogo si neno, tutaziba baadaye. Akello akamwambia yeye halali kwenye nyumba ya nusu marehemu. Paa likiisha atalala. Akishalala atapanda. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake Ogola mwenyewe, au Ogola amesahau?

Ogola akakohoa. Akasema mabati yake atayatoa wiki ijayo, mbuzi wana watoto.

Wiki ijayo! Maji yameshajaa kwenye mtaro wa chini ya shamba. Wiki ijayo hapa tutapanda samaki!

Nilichukua nyundo, nikaenda kwake, nikang'oa. Amesimama ananiita wazimu, mkewe Lorine amesimama nyuma yake anafichia kicheko kwenye leso. Leso yangu! Nimeiacha, nilikuwa na mikono miwili tu.

Kwa yale mawili yaliyooza Akello ametoa turubai analofunikia nguo Kibuye. Hakuniambia alilileta. Amelitoa tu.

Saa tisa sasa. Tumepigilia bati moja, la pili mvua imetukuta, tumejibanza ndani. Akello amekunywa chai, ikiwa baridi. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Cliff amepiga. Mama, umepanda? Nikamwambia tunaezeka nyumba ya mama yako mkubwa. Akauliza, na shamba?

Kutoka mlangoni naliona. Upande wa chini unang'aa maji. Upande wa juu bado mweusi, labda mistari ishirini ya kupandika, labda kumi na tano kesho.

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Akello ameshapanda tena juu, mvua yote hii, mwanamke wa miaka sitini! Anagonga bati kwa kiganja, anataka misumari—