Nimeigeuza Nyumba ya Baba, Lawama Kabeba Fundi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nyundo inaingia kazini na mimi ndiye nitakayeishika.

Mimi ni saidia fundi, shule niliishia kidato cha pili, hesabu ndizo zilizonikimbia, lakini kwa kuchora nyumba mtaani kwetu sina mpinzani, muulize yeyote, ila usimuulize dada yangu maana huyo ana kijicho. Baba yangu ni dereva wa lori la masafa, akikaa nyumbani siku tatu anaondoka wiki mbili, na miaka yote ndoto yake ni nyumba moja ya kutuweka wote, yaani bibi, mama, dada na mapacha wake, na mimi mrithi. Kazi akampa fundi wangu, rafiki yake wa kucheza drafti tangu mimi sijazaliwa, akamweleza kwa mdomo kwamba sebule itazame barabara, madirisha makubwa ya vioo, wapita njia wakome wenyewe. Fundi macho yake ya karibu yameanza kugoma, basi akaniambia, mwanangu, chora hayo aliyosema mzee wako. Nikachora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

Ila mshauri, barabara iko magharibi, na vyumba tulivyopanga sasa vinatazama hukohuko, ikifika alasiri tunaiva humo kama mikate, feni inazunguka kutwa inagawa joto tu na umeme unakwisha bure. Nikaigeuza nyumba bila kumwambia fundi. Ubavu mfupi ndio ukapewa barabara, madirisha nikayapeleka upande unakotoka upepo, yakatazamana ili hewa ipite, paa nikalitokeza nje lifunike kuta kama kofia pana, maji ya mvua yote yaende kwenye tangi, kuta za ndani nikazipanga kati ya nguzo bila kubeba uzito, mapacha wakikua unaongeza ukuta, wakishaoa unautoa, na chumba cha bibi hakina kidato hata kimoja cha kupanda. Nyumba ile itakua na sisi kama ngozi. Nilijisifu mpaka nikachoka.

Fundi akajenga kwa karatasi yangu, akiamini ndivyo baba alivyomweleza. Baba karudi, kuta zimeshavuka madirisha, akasimama barabarani akaona ukuta mtupu na kitundu kimoja kidogo, akauliza kile cha nini, nikamwambia dirisha la choo. Hilo nakiri lilinipita, akili yote ilikuwa kwenye upepo. Baba akamgeukia fundi, akamwambia maneno nisiyoweza kuyaandika gazetini, na la mwisho likawa, "Umezeeka, pumzika."

Nikafungua mdomo, fundi akaniwahi. "Kijana hana kosa. Alichora nilichomwambia, mimi ndiye niliyesahau."

Mshauri, hakuwa ananificha, anaamini kabisa. Kesho yake akaniita kwake, akanikabidhi timazi yake, ile ya shaba ya kupimia kama ukuta umenyooka, aliyoishika tangu ujana wake, akasema kichwa chake hakiaminiki tena, ukuta ukimwangukia mtu atajibu nini. Sasa hatoki ndani, hata drafti hachezi. Baba naye kanipa mimi ufundi mkuu, akirudi Jumamosi tunabomoa, tunaanza upya kama alivyotaka. Nikisema ukweli ananifukuza na nyumba inavunjwa vilevile, nikinyamaza naivunja kwa mkono wangu halafu naitwa fundi mkuu. Nifanyeje? Na wewe ukitaka kuchorewa nyumba, nafasi ninayo.

Mchoraji wa Mfuko wa Saruji

*

Wewe mchoraji,

Nyumba yangu iache ilivyo. Choo changu hakitazami barabara, na ningependa kiendelee hivyo.

Nianze na sifa, maana naona umeshairefusha shingo unazisubiri. Mchoro wako una akili. Wengi hujenga nyumba ya siku ya kuhamia, wewe umewafikiria watakaoishi humo miaka ishirini ijayo. Ila hilo jua la alasiri umelipima mwezi gani? Jua huhama, bwana mdogo. Simika kijiti kiwanjani, ufuate kivuli chake mwaka mzima kabla hujajiita bingwa. Sifa zimeishia hapo.

Umemwibia mzee wa watu kichwa chake. Macho ndiyo yaliyopungua, kumbukumbu yake ni nzima kama tofali la kuchoma, na anayelijua hilo duniani ni wewe peke yako, nawe umekaa unaniuliza habari za kuta. Kuta zikivunjwa zinapangwa tena.

Leo, si kesho, nenda kwake. Usianze na upepo, usianze na paa. Mwambie, "Ulikumbuka sawasawa, mimi ndiye niliyegeuza." Kisha unyamaze, najua kwako kazi hiyo ni nzito kuliko kukoroga zege. Ukitoka hapo mpigie baba yako, hakikisha ameegesha lori. Atafoka. Mwache afoke, kisha mwambie ana rafiki wa kumwomba radhi.

Sasa nyumba. Dirisha la choo lihamishie nyuma. Ubavu huo wa barabarani utoboe mlango, mbele yake chora baraza yenye paa pana na pahali pa meza ya drafti, ili baba yako awaone wapita njia nao wamwone. Nyumba inayoweza kumpokea mjukuu ambaye hajazaliwa itashindwaje kumpokea mwenye nyumba? Jumamosi weka mabati machache ya muda juu ya chumba cha bibi, saa tisa alasiri mkalishe baba humo, kisha mrudishe kule mlikopanga. Usimhubirie, jasho litamweleza. Akikataa hata hapo, shika nyundo ubomoe, maana nyumba ni yake, na mkono uliogeuza ndio utakaonyoosha.

Na timazi usiiache nyumbani unapokwenda kwa fundi. Mrudishie mkononi mwake kabla hujaketi. Akishausikia ukweli wote, siku akikupa tena kwa hiari yake, hapo itakuwa yako.