Tela la Cherehani

Shikamoo Mjomba. Huku sote wazima, hata paka kanenepa.

Gari la kuvutia tela langu nimelipata. La dalali lilikuwa linang'aa, lakini fundi alitazama springi zake akacheka: "Hili ukilibebesha litakaa chini kama kuku anayeatamia." Nikachukua pikapu kuukuu, ekseli nene. Kiungo cha tela tumekifunga ndani ya bodi, juu ya ekseli, si kwenye bampa, ili mzigo uegemee mgongoni, usiuvute mkia. Cherehani zangu zote zimeshaingia.

Barua yako nimeisoma. Unasema mume wangu ametulia, hatanipiga tena, nirudi. Mjomba, kwenda mbele naweza, na kona nakata vizuri. Kurudi nyuma tu ndiko sijajifunza, na sitajifunza.

Mpwa wako,
dereva