Sahani ya Kalala

Jumatano, 15 Agosti 1979

Filamu imefika! Tata Kyungu, mwendesha mashine wetu pale Cercle, ukumbi wa sinema, ameibeba mwenyewe kutoka posta. Makopo matano ya chuma, yamefungwa kwa kamba. Akaja hadi kwenye dirisha langu la tikiti, akasema kwa sauti ya msiba: "Mama Mianda, ni ile. Ile balipigaka hapa kwetu."

Miaka mitatu. Nilishaisahau. Uongo — sikuisahau hata siku moja.

Ilikuwa kiangazi cha 1976. Citoyen mmoja, ndivyo tunavyoitana sasa badala ya Bwana, alitoka Kinshasa na kamera na kofia kubwa, alisomea mambo hayo Ulaya. Akaomba watu. Akawapakia kwenye lori mpaka ziwani Nzilo, akawavika nguo nyeupe, akawaambia watembee kinyumenyume ndani ya maji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mume wangu Kalala hakuwa hata kwenye orodha, yeye ni fundi umeme, alikwenda kuvuta waya za taa tu. Yule Citoyen akamtazama usoni, akasema: huyu. Akampa kazi moja: aje polepole, ainyooshee kamera sahani ya bukari, ugali wetu. Bukari niliisonga mimi. Sahani ni yangu, ile ya buluu iliyobanduka ukingoni. Mvuke ulitakiwa uonekane, kwa hiyo ilikuwa moto kwelikweli. Kalala alivumilia, alivumilia, mwisho akapiga kelele: "Pokea! Fanya mbio, inanichoma!" Tulicheka mpaka machozi. Citoyen naye alicheka, akasema si kitu, sauti haitakuwemo.

Kalala alitoka nyumbani tarehe 15 Mei mwaka jana, vita ikiwa mjini, ameshika bidon ya njano, kutafuta maji. Nilimwambia angoje. Akasema anarudi sasa hivi.

Leo ni miezi kumi na mitano kamili.

Alhamisi, 16 Agosti

Mama Kanku anajua. Nani amemwambia? Mtaa wetu wa Dilala hauna siri.

Ni mama yake Kalala. Alikuja kutoka Kasai Desemba, tunaishi wawili tu. Kila asubuhi, kabla ya salamu, swali ni lile lile: "Umemuota? Alikupatia kitu? Ulikula?" Kwetu, aliyekufa akikuletea chakula ndotoni usipokee. Ukila, umekubali kumfuata. Kila asubuhi najibu sikuota. Na ni kweli, siku hizi siota kabisa.

Anataka tukae matanga. Ndugu wote wanataka. Wanasema mtu asiyeliliwa hana pa kulala. Mimi nasema ukimlilia aliye hai, unamuua wewe mwenyewe. Wapo waliovuka mpaka siku zile, wengine wameonekana Angola! Basi yeye ana nguo nyeusi aliyoikunja sandukuni, mimi nina nguo zangu za rangi, na tunapika kwenye mbabula moja ya makaa. Kila siku anasema sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, inakosa chumvi. Kila siku! Hata nikitia konzi nzima.

Jumapili, 19 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Matinée, onyesho la mchana, saa tisa. Ukumbi umejaa. Kwenye ubao Tata Kyungu aliandika jina kwa chaki: MAJI IMESIMAMA. Vijana waliuliza kama kuna karate ndani. Nikawaambia sijui. Nilifunga dirisha langu, nikaingia, nikasimama nyuma kabisa, mgongo ukutani.

Hakuna hadithi. Hakuna anayesema neno. Moshi unarudi ndani ya bomba la kiwanda. Kitanda cha chuma kimetandikwa vizuri katikati ya shimo la mgodi, hakuna mtu. Wanawake wanafagia kilima cheusi cha takataka za shaba, wanafagia, wanafagia, halafu mbingu inageuka kijani. Ni nzuri! Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, nakiri. Lakini watu walipiga miluzi. Mmoja akapaza sauti: "Tata Kyungu, bobine ya filamu umeiweka kichwa chini!" Ukumbi mzima ukacheka.

Kisha wakaja wale wa ziwani. Wanatoka majini kinyumenyume, polepole, na nguo zao ni kavu. Kicheko kikaendelea kidogo. Mama mmoja wa mbele akasema, si kwa nguvu: "Ule ni tata ya batoto yangu." Sauti nyingine: "Na ule ni Tshilombo. Tshilombo tulimuzika." Kicheko kikaisha kama taa iliyozimwa. Walianza kuwataja mmoja mmoja, jina, jina, jina, kama misani siku ya marehemu wote. Wengi mno walikufa kwenye vita ya mwaka jana.

Halafu Kalala.

Anakuja kutoka mbali. Anakuja mpaka uso wake unajaa ukuta mzima. Kovu lake la kidevuni ni kubwa kuliko mlango! Ananyoosha sahani yangu. Mvuke. Midomo inacheza, haitoi sauti. Na ukumbi ukapiga kelele — sijui nani alianza — "Musikubali! Musikubali!" Akina mama waliwaziba watoto midomo kwa kitenge. Benchi zikaanguka. Kuna aliyesema anatuambia tule. Mwingine akasema hapana, anaomba tumlilie. Mimi peke yangu nilijua anasema inamchoma mikono. Nilitaka kuwaambia.

Mama Kanku alikuwa safu ya tatu. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Ameniita mamu."

Nje, muuza karanga alibaki na beseni lake limejaa. Hakuna aliyenunua hata koni moja.

Jumatatu, 20 Agosti

Jana mtaani kwetu hakuna nyumba iliyokula. Sioni haya kuandika kwamba nami sikula. Sikuwa na njaa! Ni hivyo tu.

Mama Kanku ametoa nguo nyeusi sandukuni, ameianika. Amesema: "Umeona sasa. Ameleta chakula mbele ya batu yote." Nikamjibu kwamba Kalala alikuwa hai siku ile, nilikuwepo, tulicheka, jioni alilalamika vidole vinamuuma nikampaka mafuta. Ni picha ya mtu aliye hai, mama! Akaniuliza: "Na balio karibu yake mu maji, iko wapi leo?"

Jumanne, 21 Agosti

Mado amekuja kwangu analia na kucheka. Kwenye karatasi za serikali anaitwa Kabedi, lakini tangu utotoni ni Mado wangu, jirani, mlango kwa mlango. Naye yumo kwenye filamu. Anatoka majini na beseni kichwani. Sasa sokoni hawataki kupokea chenji mkononi mwake. Wanamwambia aweke mezani. Mtoto mmoja amemgusa mkono kuona kama ni wa baridi.

"Mi niko muzima!" anapiga kelele uani. "Munifinye! Munifinye, mutaona nitatukana!"

Nikamfinya. Alitukana vizuri sana. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nikakimbia kwa Mama Kanku: tazama Mado, alikuwa ndani ya maji yale yale na yuko hai! Hakuinua hata uso kutoka kwenye sombe anayochuma. "Mado hakutupatia chakula," akasema.

Alhamisi, 23 Agosti

Nimemwomba Tata Kyungu nimwone Kalala kabla ya ukumbi kufunguliwa. Alinipandisha kwenye chumba chake cha mashine. Kuna joto huko, na harufu ya mafuta. Akafungua kopo la nne, akavuta ule utepe mpaka dirishani kwenye jua.

Kalala mdogo kama punje ya mahindi. Kalala mwingine chini yake. Mwingine. Mwingine. Nilihesabu thelathini, kila mmoja na sahani yake. Nilitafuta mahali anapofungua mdomo. Nikauliza: hapa anasogea?

"Hapana, mama," Tata Kyungu akasema. Mzee mpole. "Yeye hasogei. Ni mashine njo inamusogeza."

Nimerudi nyumbani na neno hilo. Sikulitaka.

Ijumaa, 24 Agosti

Mulumba amefika kutoka Sandoa juu ya lori la mihogo, vumbi mpaka kwenye kope. Ni mdogo wake Kalala. Matanga yakiisha mimi ni wa kupewa yeye, desturi ndiyo hiyo. Anajua. Ana mke na watoto wanne, na hanitazami usoni, maskini. Sina ubaya naye.

Kikao sebuleni. Wajomba wawili, Mama Kanku, Mulumba, mimi kwenye mkeka. Wajomba wanasema Jumatatu tuwashe moto wa matanga, ninyolewe nywele, nivae nyeusi. Jibu lote wanalo: Kalala mwenyewe amesema, mji mzima shahidi.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikasimama. Nikasema Jumapili filamu inarudiwa. Nitasonga bukari, nitaiweka kwenye sahani ile ile, nitakaa mbele. Kalala akininyooshea, nitakula mbele yenu wote. Kama ni mfu, nimekubali kumfuata, nizikeni. Kama ni mzima, nitabaki salama: hakuna matanga, na hakuna wa kunigusa nywele mpaka arudi au mwili wake uonekane.

Mjomba mkubwa alijikuna shingo. Mulumba akasema: "Bon. Ni haki. Lakini asipokula, Jumatatu tunalia." Wakakubali.

Mama Kanku alinitazama muda mrefu. Nilidhani atakataa.

Jumamosi, 25 Agosti

Nimeisugua sahani kwa majivu. Ukingo uliobanduka unakata kidole. Nimenunua unga mweupe, wa nyumbani una mabonge.

Siogopi.

Jumapili, 26 Agosti, jioni

Watu walitoka hata mitaa ya Manika na Musonoi. Niliuza tikiti zote, nikaacha mlango wazi waingie bure waliobaki. Hakuna aliyepiga mluzi leo. Walivaa nguo za kanisani. Mama mmoja alileta picha ya mwanawe kwenye fremu, akaigeuzia ukuta mweupe, wapate kuonana. Wote walijua nilichobeba chini ya kitenge. Walinipisha njia kama bibi harusi.

Benchi la kwanza. Mulumba kulia kwangu, Mama Kanku kushoto. Sahani mapajani, sombe pembeni, bado moto, inaniunguza miguu. Nikawaza: hivi ndivyo alivyoungua.

Moshi ukarudi kwenye bomba. Kitanda. Wafagiaji. Mbingu ya kijani. Wale wa ziwani walipotoka majini, watu waliwataja tena, lakini taratibu, kama wanasalimia. Mado alipopita na beseni, Mado wa kweli akaitikia kutoka nyuma: "Niko!" Wachache wakacheka.

Kisha akaja.

Nilimega. Niliviringisha tonge, nikalichovya. Aliponyoosha sahani nilinyanyua mkono. Ukafika hapa, kifuani. Ukasimama.

Niliogopa. Basi, nimeandika. Niliogopa kama wao wote. Nilisema moyoni: anasema inamchoma, Mianda, anasema pokea fanya mbio, ulikuwepo. Nilimtazama machoni na mkono haukupanda. Mke anayejua mumewe yuko hai anaogopa nini? Miezi kumi na mitano nawagombeza watu, na mkono wangu ulikuwa unajua siku zote!

Uso wake ulikuwa unaanza kufifia. Nikasikia Mulumba anashusha pumzi. Na hapo mkono mwingine ukaja kwenye sahani kutoka kushoto, mkono wa kizee, mishipa juu. Ukamega kipande kikubwa. Mama Kanku alikula. Alitafuna huku anamtazama mwanawe, akameza, akamega tena. Nyuma yetu mtu alilia: "Mama, hapana!" Hakugeuka.

Taa ziliwaka. Akajifuta kidole kwenye kitenge, akaniambia:

"Sombe inakosa chumvi."

Tukarudi nyumbani. Alitembea mbele, peke yake, hakutaka kushikwa mkono.

Sasa wajomba wako sebuleni, wanabishana. Mmoja anasema mke hakula, kesho tunalia. Mwingine anasema chakula kimepokelewa, na mama amekipokea, sasa tufanye nini? Wembe uko mezani kwenye karatasi yake, hakuna aliyeufungua. Nguo nyeusi bado iko kwenye kamba. Nimemuuliza Mama Kanku kwa nini. Kama alikula kwa sababu anaamini yu mzima, au kwa sababu anataka kumfuata. Amejibu: "Mutoto amenipatia chakula. Nimurudishe?"

Sahani iko hapa karibu na daftari. Alama za vidole vyake zimebaki kwenye bukari, tatu. Tonge langu liko pembeni, limekauka juu. Namsikia Mama Kanku chumbani, anakohoa kidogo, kisha kimya, nami naacha kuandika mpaka akohoe tena.

Anaita. Anauliza kama kumebaki. Anasema nilete, na nisisahau chumvi, na nije nikae tule naye.