Jina Nililokuzika Nalo

Mama,

Shikamoo. Hukupenda kuitikia salamu ya mtoto aliyeficha kosa, kwa hiyo nalitoa kwanza: nimekuzika kwa jina la watu.

Msalaba wako wa mbao niliuandikisha mimi, kwa fundi wa Mwembesongo. Agnes Peletia. Niliona fahari kabisa. Mjomba, mdogo wako, aliusoma pale makaburini Kinole, akasema taratibu, "Mwanangu, huyu ni wetu. Mbona umemwandika wa kwa mumewe?" Nikamjibu mbele ya watu kwamba siku hizi ndivyo inavyoandikwa. Akatia udongo wake, akaondoka bila kula. Nami nikasema wazee wa mlimani wana visirani. Nilisema hivyo, Mama, hata matanga yako hayajaanuliwa.

Unajua nilivyolipenda lile jina la Baba. Shuleni niliwatambia wenzangu kwamba tuna damu ya Kanada, ya wale Wazungu wanaosema Kifaransa, kwa kuwa Babu alilipata kwa padri wa huko. Ulikuwa unanisikia huku unamenya magimbi, unacheka: "Peletia gani wewe, mwenye pua ya Kinole?" Nilikuwa nanuna siku nzima.

Baada ya mazishi nikataka ushahidi. Nilimpata mtandaoni mama mmoja wa Kanada anayefuatilia ukoo wa kina Peletia, tukaandikiana kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Alinitumia picha za vitabu vya ubatizo vya parokia za kwao. Nikawa napika huku mjini, Kihonda, nataja mababu zake, vizazi tisa, bila kukosea. Mwishowe akampata padri mwenyewe. Hakuacha mtoto. Aliwabatiza vibarua wa bustani ya misheni akawaandika kwa jina la kwao, basi. Babu alikuwa mmoja wa wale vibarua.

Hilo ningelimeza. Lakini aliongeza kwamba kwao, tangu zamani, mwanamke huandikwa na kuzikwa kwa jina alilozaliwa nalo, hata akiwa ameolewa miaka hamsini. Ndivyo anavyowapata mabibi zake vitabuni. Kisha akauliza: "Na mama yako alizaliwa na jina gani?"

Sikujua. Mama, sikujua! Bibi wa bibi wa yule Mkanada ningeweza kumtaja. Wewe, uliyenibeba mgongoni, sikuwa na la kuandika. Mluguru mzima, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo hata wangu sikuujua. Uliwahi kuanza kunieleza, nikakwambia mambo hayo ya kizamani. Nilizima simu. Wiki mbili sikumjibu.

Jumamosi nikapanda Kinole. Mjomba alikuwa uani anakwangua magome ya mdalasini. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alinisogezea kigoda, akanipa kisu nimsaidie. Tulikwangua muda mrefu ndipo akasema, "Mama yako ni Mvula. Siku aliyozaliwa mvua ilikataa kukatika, baba yetu akamwita hivyo. Ukoo wetu ni Wamwenda. Na wewe pia, hata ulipokuwa hututaki."

Nililia kama mtoto mdogo, mikono inanuka mdalasini. Jioni akanilazimisha kula. Alikula na yeye, sahani moja na mimi.

Mama, sijui kama huko mliko mnasamehe upesi. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe. Msalaba ule wa mbao nimeung'oa. Jumamosi ijayo napanda na saruji ya kujengea kaburi lako, na fundi nimemwambia akishalainisha aniachie msumari, niandike kwa mkono wangu kabla haijakauka: Agnes Mvula, Mmwenda. Mjukuu wako nitakuja naye. Atasoma kwa sauti, kisha nitamwambia na yeye ni nani.

Pumzika, Mama. Samahani kwa kukuacha muda wote huo chini ya jina la mtu usiyemjua.

Mwanao Konsolata,
Mmwenda