Barua ya Sifa Yenye Neno Moja

Chumba cha nyuma, juu ya duka la miwani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi hapa wazima. Mama bado anakohoa, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote; anatusema tangu asubuhi.

Sasa ile barua ya sifa aliyoitaka msimamizi wako huko kwenye kiwanda chenu cha lenzi ili anipe kazi. Wiki tatu tajiri wangu ananipiga chenga. Ijumaa akaiandika kwa Kiingereza, akiwa amesimama wima, kwa kalamu ya kuazima: ananijua miaka kumi na moja, nami ni "nice". Basi. Hakutaja lenzi hata moja, wala mashine ya kuzisagia ninayoiendesha peke yangu.

Mume wangu, mtunza maktaba ya shule, akanifunulia kamusi nene. Kumbe neno hilo lilizaliwa Kilatini, maana yake mtu asiyejua kitu! Wafaransa wakalitumia kwa mpumbavu, Waingereza wakalipokea vivyo hivyo. Baadaye likawa la mtu wa kuchagua-chagua, kisha la kitu laini, kisha la kitu kilichopimwa sawasawa. Hapo ningelikubali kwa mikono miwili. Lakini likaendelea kuzurura hadi likaishia kusifia chai, hali ya hewa na mbwa wa jirani. Hilo la mwisho ndilo alilonitunukia.

Jana asubuhi nilimrudia, nikamwomba aandike japo kazi ninayofanya. Akapiga miayo kwanza.

"Kwani unafanya nini hasa? Si unasafisha vioo?"

Shangazi, vioo! Kila miwani iliyotoka dukani kwake nimeisaga mimi, naye anapokea shukrani za wateja huku akijipapasa kitambi. Namdharau mpaka nimesahau kukasirika.

Karatasi yake nimemwachia mezani. Kwenye kifurushi hiki utakuta lenzi mbili nilizosaga jana baada ya kutoka kwake, na vipimo vyake nimeviandika pembeni. Tafadhali mpe msimamizi wako aziweke kwenye mashine yao ya kupimia. Zikikosea hata unywele, asiniajiri.

Nisalimie dada mkubwa na wale mapacha wake watundu. Mama anakukumbuka sana. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Wako akupendaye,
Binti wa kaka yako,
msaga lenzi.